Sauti ya Pili na Toleo Jipya

Rafiki yangu wa Mbeya aliponitaka nipandishe toleo la programu yangu ya kurekodia, nilipaswa kumkatalia. Sababu nilikuwa nazo. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi, programu ilikuwa inafanya kazi, na mtu wa umri wangu hana haraka na kitu kipya. Lakini alinitania, nami tangu ujana sijawahi kukubali kushindwa kwa utani.

"Kamwene, mwalimu wa kwaya!" alianza kwenye simu. Yeye ni Mnyakyusa, na salamu hiyo ya kwetu Iringa huikumbuka pale tu anapotaka kitu.

"Kamwene. Sema shida yako."

"Nataka ule wimbo wenu wa mavuno. Unitumie sauti mojamoja, kila moja ijitegemee, wanakwaya wangu wajifunze. Na uutume kama faili moja. Lile lifolda lako la vipande vipande programu yangu hailitaki."

"Yangu inalifungua vizuri tu."

"Yako ni ya enzi za gramafoni, faili moja haiwezi. Ipandishe toleo. Nyie Wahehe hata jembe likibaki mpini mnasema bado linalima."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Utaupata wiki hii," nikamwambia. Hivyo ndivyo nilivyokubali.

Tulijuana shuleni, sekondari, huko Mbeya. Tuliimba besi pamoja. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na utaratibu wake: hakutufundisha wimbo mzima hata siku moja. Alitutawanya, kila sauti na kona yake, sisi besi tukipelekwa uwanja wa mpira kwenye baridi ya Julai, mikono kwapani, tukirudia mistari mitatu mpaka midomo inakufa ganzi. Jioni alituita wote bwaloni. Sauti nne zilipokutana kwa mara ya kwanza, hata wapishi waliacha masufuria wakaja mlangoni. Sijasikia kitu kama hicho tena, au labda sijawa kijana tena.

Nilipokuja kufundisha kwaya kanisani kwetu Iringa, nilifundisha vilevile. Na tulipoamua kurekodi wimbo wa mavuno, niliurekodi vilevile, sauti moja baada ya nyingine, sebuleni kwangu Kihesa. Tulitundika mablanketi madirishani kuzuia kelele za malori yanayopanda mlima. Tulingoja kiangazi, maana mvua ikinyesha juu ya bati hakuna maikrofoni itakayokusikia. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa ya mtumba, na fundi mmoja wa Mlandege alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux baada ya kuchoka kuisafisha virusi vya flashi za wanakwaya. Programu ya kurekodia ilikuja nayo. Ilikuwa na sura ya kizamani, lakini kila sauti iliilaza kwenye mstari wake, ukitaka unazizima nyingine na kusikiliza moja.

Mke wangu aliimba sauti ya pili. Alikuwa nguzo ya sauti hiyo, ingawa noti hakuzijua na hakutaka kuzijua. "Do-re-mi zako baki nazo," alikuwa akiniambia. "Niimbie mara moja tu, nitaikuta njiani." Na kweli aliikuta. Tulikubaliana sauti ya pili aiimbe yeye peke yake.

Siku ya kazi hiyo alirekodiwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa jikoni akiwachemshia wenzake viazi na chai. Alipomaliza, maikrofoni tuliyoazima ilikuwa imesharudishwa kanisani. Nikamrekodi kwa simu yangu, kisha nikaiingiza sauti yake kwenye kompyuta na kuiweka mstari wa chini kabisa, chini ya nyingine tatu. Kwenye simu nikaifuta ili nipate nafasi.

Kabla hajaanza kuimba anasikika akifuta mikono kwenye kanga. "Umeshawasha, mzee? Basi usinicheke." Mimi ninasikika nikisema, "Imba, mama." Anacheka kidogo, anajikohoza, halafu anaimba. Katika wimbo tuliowagawia watu maneno hayo niliyakata. Kazi ya kwaya lazima iwe safi.

Mvua zilizofuata hakuziona. Aliugua muda mfupi, tukamzika.

Baada ya hapo nilijizoesha jambo. Kila Jumapili nikitoka kanisani, kabla sijavua koti, nilifungua kompyuta, nikazizima zile sauti tatu, nikamsikiliza yeye. Umeshawasha, mzee? Sikusikiliza siku nyingine yoyote. Niliogopa kuizoea sauti yake kama unavyozoea redio ya jirani.

Sasa niseme nilichofanya. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Rafiki yangu alikuwa amenieleza kuwa hakuna haja ya kugusa mfumo mzima, programu hiyo moja inaweza kupandishwa toleo peke yake. Alinitumia amri kwa ujumbe wa simu, nami nikazinakili kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Likaniomba neno la siri, ambalo ukiliandika halionekani, nikaliandika kama kipofu. Maandishi yakashuka mbio kama maji ya mfereji. Yalipotulia, programu mpya ilikuwa imekaa mahali pa ile ya zamani. Nilijisikia kijana. Natamani mtu angebisha hodi dakika ile.

Nilipofungua wimbo wa mavuno, ukatokea ujumbe wa Kiingereza. Kiingereza cha sekondari kilitosha kuusoma, sitamsingizia mtu. Ulisema kuna sauti ambayo haikupatikana, mahali pake patajazwa ukimya, je, niendelee? Nilidhani ni zile hofu ambazo kompyuta huwa nazo. Nikabonyeza kuendelea. Nikaona mistari mitatu imejaa mawimbi. Wa nne ulikuwa chini, nje ya kioo, sikushuka kuutazama. Nikahifadhi kama faili moja. Diski ikalalamika imejaa, nikafuta mafolda yote ya zamani, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Nikanunua bando, nikautuma Mbeya.

Sikusikiliza. Ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi akapiga simu. "Mbona shemeji haimbi?"

"Utani mwingine uache," nikamwambia.

"Sitanii, ndugu yangu. Tatu zipo. Ule mstari wa chini umelala tu, kimya mwanzo hadi mwisho."

Nikaenda na simu mkononi kufungua kompyuta. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi.

Fundi wa Mlandege alinieleza taratibu, kama daktari. Ile sauti ya kutoka kwenye simu ilikuwa inakaa folda lake peke yake, na programu ya zamani ilikuwa inaifuata huko kila ninapofungua wimbo. Ile mpya haikuifuata. Na folda hilo nilikuwa nimelifuta pamoja na mengine. "Mzee, baada ya kufuta uliandika kitu kingine humu?" akauliza. Nilikuwa nimepanga na kuhifadhi nyimbo za Pasaka, siku mbili nzima. Akatafuta mpaka akachoka. Alichookoa kilikuwa mkwaruzo, kama mafuta kwenye kikaango.

Rafiki yangu alikuja kwa basi kutoka Mbeya na mkungu wa ndizi. Alikaa sebuleni bila kutania, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Kosa ni langu," akasema.

"Wewe ulitania. Aliyebonyeza ni mimi."

"Jembe lako lilikuwa linalima," akasema.

Wimbo wa mavuno bado upo. Watu wanao kwenye simu zao, na Mbeya wanauimba vizuri. Sauti ya pili imo humo, imefunikwa na nyingine tatu, na hakuna anayeweza kuichomoa. Nikiusikiliza naisikia kwaya, yeye simsikii. Yale maneno aliyoniambia kabla ya kuimba hayapo popote tena ila kichwani mwangu, na kichwa changu kinazeeka. Nilitaka toleo jipya la programu moja, na kwa ajili yake niliifuta sauti ya mke wangu. Nakala nyingine sikuwa nayo.