Mshono Nilioujaza Mwenyewe

Mungu ashukuriwe, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili na akaniachia akili ya kuikumbuka. Naanza kwa kumsifu yeye, kwa sababu katika haya nitakayokusimulia sina cha kujisifia mimi.

Mwezi uliopita nilikuwa Nyakanazi nikisubiri basi la kwenda Ngara. Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wanapakia mtumbwi mpya wa mbao kwenye lori, unapelekwa ziwani. Upepo ukaniletea harufu ya mbao zilizorandwa. Mama wa kibandani akaniuliza, "Bibi, chai imepoa, nikubadilishie?" Sikuwa nimeigusa. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, upande wa Murusagamba, nina miaka tisa.

Ilikuwa miaka ile watu walipovuka kwa wingi kutoka Burundi. Walikuja na mikeka kichwani na watoto mgongoni, na tulielewana nao bila taabu, maana lugha zetu za nyumbani ni ndugu. Wengi walichukuliwa na malori kwenda makambini. Mmoja wao, fundi wa mitumbwi aliyekulia kando ya ziwa huko kwao, alibaki kwetu kwa kuwa baba alimdhamini kwa balozi wa nyumba kumi. Walipatana hivi: fundi atamjengea baba mtumbwi, na safari ya kwanza itakuwa kuvuka mto Ruvubu kumchukua mama yake fundi, aliyebaki ng'ambo kwa jamaa, hawezi kutembea. Wenye mitumbwi ya magogo walikuwa wameificha kwenye mafunjo kwa hofu ya askari. Yule mama hakuwa na njia nyingine.

Sisi ni watu wa migomba na maharage. Mtumbwi tuliouzoea ni ule wa kukanyagia ndizi za pombe. Kwa hiyo jirani yetu alipita kila jioni na kuegemea ua wetu. "Mzee, pombe ya humo si tutakunywa mpaka Pasaka?"

"Wewe hutakunywa," baba alimjibu. "Wewe utapiga kasia."

Bibi, mama yake baba, alicheka mpaka ungo wa maharage ukamtikisika mapajani.

Fundi alipasua mti wa msave kuwa mbao nyembamba, upana wa vidole vinne. Alizimwagia maji ya moto, akazikunja polepole juu ya mbavu za mtumbwi kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Kazi yangu ilikuwa kuziba mishono. Nilitakiwa kuponda maganda makavu ya mgomba kwa jiwe mpaka yalainike kama pamba, kuyasokota, kuyachovya kwenye nta iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe, kisha kuyashindilia kati ya ubao na ubao. "Ganda lisilopondwa halinywi nta," fundi aliniambia. "Linakaa tu humo kama mgeni ambaye hajakaribishwa."

Wakati huohuo nilikuwa najifunza kwa ajili ya Komunyo ya Kwanza. Katekista alikuwa mkali. Aliyechelewa alirudishwa mpaka mwaka unaofuata. Siku ya mwisho ya kazi ulibaki mshono mmoja karibu na sakafu ya mtumbwi, urefu wa mkono wangu. Nikasikia wenzangu wanapita njiani wananiita. Nilichukua ganda kavu, sikuliponda, nikalisokomeza, nikapaka nta nyingi juu. Ulipendeza kuliko mishono yote. Nikakimbia. Mchana ule katekista aliniuliza amri ya nane, nikajibu bila kusita: usiseme uongo. Akanisifu mbele ya wote.

Siku ya kuushusha mtoni tulifuatana na nusu ya kijiji. Baba na fundi walipanda. Kabla hawajafika katikati, maji yakaanza kuingia. Fundi akageuza, baba akichota maji kwa kofia yake, wakarudi ukingoni wamelowa.

"Mgeni amekuchongea jeneza, mzee," jirani alisema, "na wewe ulikuwa unamlisha." Safari hii hakuna aliyecheka.

Fundi aliupindua mtumbwi. Akachokoa mshono kwa msumari, akatoa lile ganda, kavu kama lilivyobanduliwa mgombani. Akalitazama. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya kitenge cha bibi.

"Kosa ni langu, mzee," alimwambia baba. "Sikukagua. Nipe siku moja tu nizibe upya."

Baba aliwatazama watu. "Aibu uliyonipa inatosha. Kesho lori la kambini linapita. Panda."

Nilijua la kusema. Ni mimi, baba. Maneno matatu, yalifika kwenye meno yakakaa hapo. Asubuhi nilimkuta fundi mlangoni na furushi lake. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nakutakia Komunyo njema."

Jumapili nilivaa gauni jeupe, nikampokea Bwana kwa ulimi uleule ulionyamaza.

Baadaye niliungama, na padre akaniagiza nikamwambie baba. Nilichelewa mpaka nikawa na watoto wangu, na baba yuko kitandani hawezi kuinuka. Nikamwambia yote.

"Nilijua," alisema. "Vidole vyako vilikuwa vimeacha alama kwenye nta. Vidogo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama. Ilikuwa rahisi kumfukuza mkimbizi kuliko kusema ni mwanangu."

Basi pale ukingoni tulijua watu watatu, na kosa tukamwachia yule asiyekuwa na kwao.

Mtumbwi ulikatwa kuni. Misave ya kwetu imekwisha, na pale uani wajukuu wamejenga nyumba ya matofali. Bibi, baba na jirani wamelala makaburini. Kama mama yake fundi alivuka, sijui. Kila jioni namwombea mwanawe bila jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza jina; tulimwita fundi, ikatosha.

Wewe unayesoma, Mungu akupe ulimi mwepesi siku utakapodaiwa neno fupi la kweli, na akuvushie salama wote unaowangojea.