Chini ya Bahari ya Kitambaa

Hospitali kuu ilikuwa na ghorofa tano, na chini ya zote tano palikuwa na chumba cha kufulia. Huko ndiko Mama Mashuka alikomalizia ujana wake. Kwa miaka ishirini na sita alipokea mashuka machafu, akayachambua, akayatia kwenye mashine zilizonguruma kama lori bovu, akayakamua, akayapiga pasi. Kisha yeye na mwenzake, mwanamke mfupi mcheshi aliyeitwa Bi Mvuke, waliyakunja wawili wawili: shika pembe, vuta, kutana, geuka. Mashuka mia sita kwa siku. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za mshahara, na hata mhasibu alikuwa akilitafuta kwanza.

Wagonjwa walilala juu ya kazi ya mikono yake, wengine wakapona, wengine wakaaga dunia, na hakuna aliyeijua sura yake. Hilo halikumnyima usingizi.

"Mimi ni msingi wa nyumba," alizoea kusema. "Siku ukiniona, ujue ukuta umeanguka."

Mambo ya uwanjani aliyaingia kwa kumsindikiza mtu. Michezo mikubwa ya mataifa ilikuwa inakuja mjini, na watu elfu mbili wa kujitolea walitakiwa kucheza siku ya ufunguzi. Mpwa wake, binti wa kaka yake, alitaka kwenda kujaribu lakini akaona haya.

"Shangazi, twende wote."

"Nikafanye nini mimi? Magoti yenyewe yanalia kama bawaba."

"Utanishikia mkoba tu."

Mlangoni, dada mwenye orodha hakuuliza nani kaja kucheza na nani kaja kushika mkoba. Aliwabandika wote wawili namba kifuani. Mama Mashuka akapanga mstari na mkoba begani, akaambiwa tembea, akatembea, inua mikono, akainua. Walichaguliwa wote. Wiki ya tatu mpwa akachoka. Jua lilikuwa linamchoma, miguu ilikuwa inamuuma, na mchumba alikuwa analalamika. Shangazi akabaki.

"Kwani wewe ulikuwa unataka nini huko?" Bi Mvuke alimuuliza wakikunja.

"Sijui. Ila maji nimeshayavulia nguo."

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa lami nyuma ya ghala moja, mahali palipochorwa namba chini kwa rangi nyeupe. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba waliyembandika jina la Moja-Mbili, kwa kuwa alihesabu hata akiwa anakunywa maji. Mama Mashuka aliwekwa kwenye mstari wa mbele, pamoja na wanawake thelathini ambao wangecheza ufukweni mwa bahari ya kitambaa. Kamera ya televisheni ingepita hatua tatu tu mbele yao.

Shida ilikuwa kushoto. Wenzake wakigeuka kushoto, yeye aligeuka kulia, akajikuta uso kwa uso na mtu.

"Hujambo?" alimwambia wa kwanza aliyekutana naye hivyo, kwa kukosa la kufanya, na mstari mzima ukavunjika kwa kicheko.

Basi kila jioni akawa anajifunza kwenye ujia wa nyumba yake. Mumewe, fundi bomba, alikaa kwenye kigoda akigonga hesabu kwa spana juu ya kipande cha bomba.

"Kushoto, mke wangu! Kushoto ni mkono wenye saa!"

"Saa nimeivua!"

Baada ya wiki mbili kushoto kukakubali kuwa kushoto. Fundi bomba akaupitishia habari mtaa mzima, mlango kwa mlango: mstari wa mbele, wa nane kutoka mwisho, kamera inapita pale pale. Akaazima viti ishirini ili majirani waje kwake kutazama.

Kisha kitambaa kikaletwa. Kilikuwa cha buluu, chepesi, urefu hatua themanini, upana hatua hamsini. Watu mia tatu waliingia chini yake ili wakifanye mawimbi, na siku nzima hakikuwa bahari hata kidogo. Kiliinuka upande huu kikalala upande ule, kikawaangukia vichwani, kikachanika mahali pawili. Moja-Mbili alihesabu mpaka sauti ikamkauka.

Mama Mashuka, aliyekuwa kando na kundi lake, alivumilia kadiri ya uwezo wake. Mwisho mdomo ukamponyoka.

"Jamani, mnaking'ang'ania kama mbuzi wa wizi!"

Watu wakakiachia kitambaa.

"Nani kasema?" Moja-Mbili akauliza.

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe."

"Sikusamehe. Njoo utuonyeshe."

Akainama, akaingia. Aliwaambia kwamba kitambaa kikubwa hakinyanyuliwi kwa mkono, kinanyanyuliwa na hewa, na kazi ya mtu ni kuikaribisha tu. Aliwaambia walegeze vidole. "Sasa shukeni kwa magoti. Chini. Chini zaidi. Msivute. Sasa vuteni pumzi, msimame nayo."

Wakasimama. Kitambaa kikaondoka vichwani mwao, kikapanda, kikatulia juu kama kimepata mahali pa kukaa. Jua la saa tisa likapenya. Watu mia tatu, weupe wa nywele na weusi, wanene na wembamba, wote wakawa rangi moja, rangi ya maji ya kina, na sauti za barabarani zikawa mbali mno. Mwanga ulikuwa unatembea juu ya nyuso zao taratibu. Mama Mashuka alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, na hakukumbuka kuufunga mpaka kitambaa kiliposhuka.

Mazoezi yalipoisha, Moja-Mbili alimfuata.

"Mama, nakuomba uhamie chini, mstari wa katikati, wengine wakufuate wewe. Lakini nisikufiche. Huko hutaonekana. Ni hesabu nane tu za mwisho, kitambaa kikiondolewa, na hapo mtakuwa mia tatu kwa nguo moja."

"Nipe mpaka kesho, mwalimu."

Fundi bomba alipoambiwa aliweka kijiko chini.

"Viti ishirini nimeshaazima."

"Najua."

"Wamekulazimisha?"

"Wameniomba."

"Si ukatae kwa adabu?"

"Nikikwambia utacheka. Nimeona kitu mule ndani. Nataka kukiona tena."

Hakucheka. Walikuwa wameoana miaka ishirini na minane, na mwanamke huyu alikuwa amewahi kutaka sufuria, karo, dawa ya mafua na paa lisilovuja. Kutaka kuona kitu, hilo alikuwa hajawahi kulisikia.

"Haya," akasema. "Viti havina mdomo, havitalalamika."

Kule chini ya kitambaa jirani yake wa kulia alikuwa hakimu mstaafu, mwanamke mrefu ambaye kwa miaka thelathini watu walisimama kila alipoingia chumbani. Sasa alikuwa akiinama na kuuliza, "Hivi ni sawa, mama?" naye akijibiwa, "Legeza dole gumba, Mheshimiwa."

Siku ikafika. Alasiri hiyo jua lilikuwa kali na anga halina hata wingu. Wale mia tatu walisubiri kwenye njia iliyopita chini ya majukwaa, na juu yao walikuwa watu elfu sitini. Zege lilikuwa linatetemeka. Kila umati ulipopiga miguu, vumbi jembamba lilidondoka begani. Hakimu akamshika mkono wa nguo.

"Nimefunga majambazi, mama. Sijawahi kutetemeka hivi."

"Hata mimi, Mheshimiwa. Pumua tu."

Lango likafunguliwa. Walitoka mbio wameinama, huku kitambaa kikikunjuliwa juu yao, kila mmoja akaikuta namba yake na kupiga magoti. Sikioni kila mtu alikuwa na kidude kidogo ambamo Moja-Mbili angewahesabia. Lakini kelele za uwanjani zilikuwa hazina kifani. Zilikuja kutoka pande zote kama mvua ya mawe juu ya bati, zikaimeza ile sauti ndogo ya sikioni. Mama Mashuka alisikia "moja," kisha hakusikia kitu tena. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Macho yote ya buluu yalikuwa yamemkodolea yeye.

Hapakuwa na wa kumuuliza. Akalegeza vidole, akashuka kwa magoti mpaka chini, na mgongoni akahisi safu zinashuka naye, mmoja baada ya mwingine, hadi ukingoni asikokuona. Akavuta pumzi. Akasimama nayo.

Bahari ikapanda.

Ikapanda juu kuliko ilivyowahi kupanda kwenye lami, na kelele zikakatika ghafla. Kimya cha watu elfu sitini si kimya cha chumba kitupu. Kina uzito, kama mtoto aliyelala mikononi. Alijua wote kule juu wamezuia pumzi, nao mia tatu chini wamezuia pumzi, na kati yao hakuna kitu ila kitambaa chembamba kinachong'aa. Kisha umati ukaachia. Haikuwa shangwe. Ilikuwa "aaah" moja ndefu, ya mtu aliyeshangazwa mpaka akasahau kushangilia, na ikaja ikakigonga kitambaa, kitambaa kikatetemeka, na mtetemeko ukashuka ukamwingia vidoleni. Alikuwa ameishika sauti ya watu elfu sitini kwa mikono yake miwili. Malaika yakamsimama mpaka shingoni.

Wakaendelea, wimbi baada ya wimbi. Juu walipita wachezaji walioning'inizwa kwa kamba, na vivuli vyao vikaogelea juu ya kitambaa kama samaki wakubwa wasio na haraka. Hakimu alikuwa analia waziwazi, hajifichi, na hakuikosa hata hesabu moja.

Mwishoni kitambaa kikavutwa. Mwanga mweupe ukawapiga. Kwa hesabu nane Mama Mashuka alisimama ameinua mikono katikati ya uwanja. Alikuwa amedhani ataona watu. Aliona mlima uliozunguka pande zote, unaopumua, wenye rangi zisizohesabika, na kila kidoa cha mlima ule kilikuwa mtu aliyezaliwa na mama yake, akaja leo, akaketi, akatazama. Alijiona mdogo kuliko sindano, na hakuwahi kufurahia kitu kama alivyoufurahia udogo ule. Kisha wakakimbia kutoka.

Aliporudi nyumbani majirani walikuwa bado wamejaa kwenye viti vya kuazima, na ubishi umepamba moto. Mama wa nyumba ya pili alimwona kabisa, alikuwa na kilemba cha njano. Kinyozi wa mtaani aliapa kwamba Mama Mashuka ndiye aliyekuwa akipuliza tarumbeta.

"Yule alikuwa na ndevu!" mtu akamwambia.

"Nilidhani ni mapambo."

Fundi bomba hakubishana. Alimpisha mkewe kwenye kiti, akamtazama.

"Hukuonekana."

"Sikuonekana."

"Mimi nimeshindana na maji maisha yangu yote. Najua yanavyokwenda." Akakohoa kidogo. "Yale yalikuwa maji. Nilisahau hata kukutafuta."

Mama Mashuka akainamisha kichwa. Viatu alikuwa hajavua, na mikono ilikuwa imelala mapajani.

"Haya tuambie," mumewe akasema. "Huko chini kulikuwaje?"

Akaitazama mikono yake.

"Watu wote walivuta pumzi," akasema. "Wote kabisa. Halafu walipoiachia, niliisikia kwa vidole."

Mmoja mmoja majirani wakamgeuzia viti, na kinyozi akainuka akazima televisheni.