Weusi Walikuwa Wale Wengine

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni mtu mweusi. Ngozi sikuikana, vioo tunavyo, nilikana jina. Nilifika Toronto na shahada, ya pili nikaipata hapahapa, na kila nilipoulizwa nilijibu kuwa mimi ni Mtanzania. Weusi walikuwa wale wengine wa mtaa wa Malvern, waliokuwa wakisimamishwa na polisi. Kwamba na mimi nilikaa Malvern, hiyo ilikuwa habari ya kodi ya nyumba tu.

Binti yangu nilimfundisha hivyohivyo: askari akikusimamisha, mwambie kwenu Tanzania. Alizaliwa Scarborough, hapahapa Toronto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, akiwa anamaliza sekondari, tulisimamishwa sote wawili tukirudi dukani na mifuko. Askari alitaka majina, anwani na tulikotoka, ingawa alikiri hatukuwa na kosa. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu, nikamweleza Tanzania iko wapi, hata mlima nikautaja. Alipomaliza kuandika nikamwambia asante sana.

Binti alingoja mpaka tulipofika jikoni.

"Mama, umemshukuru."

"Ni adabu."

"Umemshukuru kwa lipi?"

Nikajitia kupanga nyanya kwenye friji. Nimeandika insha nyingi kuhusu utu. Kwa swali lile sikuwa hata na aya moja.

Alipoingia chuo alijiunga na vijana waliotaka weusi wajisimamie wenyewe: shule zao, maduka yao, ulinzi wao, na polisi watoke mitaani kwao. Walikutana sebuleni kwangu. Niliwapikia pilau, nikawasahihishia mabango, nikajihesabu mwanaharakati. Wakishaondoka nilimkumbusha kwamba anasomea ualimu, na mwalimu mwenye kesi hapewi darasa. Kisha polisi wakampiga risasi kijana mweusi, vijana wale wakaandamana. Uchunguzi ukaisha bila askari kushtakiwa, wakaandamana tena. Kila mara alirudi nyumbani akiwa mkimya zaidi, na mji ukiwa vilevile.

Jumamosi moja mama mmoja wa kanisani kwetu North York alinitumia picha. Binti yangu alikuwa amelazwa kifudifudi barabarani, goti la askari mgongoni. Chini aliandika pole, kisha akauliza kama ni yeye kweli. Baadaye mwanasheria wa vijana wale akanipigia: wamekamatwa, kesho watafikishwa kwa hakimu na kuachiwa, kila mmoja akipata mdhamini.

Asubuhi nilivaa koti langu la mikutano, nikachukua pasipoti ya Kanada na kitambulisho cha chuo ninakofundisha. Nilikuwa nikijizoeza sentensi ya kumwambia hakimu, kwamba huyu wangu amelelewa vizuri, kafuata mkumbo tu. Nikiwa nafunga mlango, simu ikalia.

"Mama, usije."

Alisema kwa Kiswahili. Lugha hiyo aliielewa tangu utotoni, lakini siku zote alinijibu kwa Kiingereza. Nadhani askari alikuwa karibu.

"Niko mlangoni, mwanangu."

"Mdhamini nimeshapata. Mama wa mwenzangu mmoja."

"Mama yako ni mimi."

"Najua. Lakini tuko wengi humu, Mama. Wewe ungekuja kumwambia hakimu mimi si kama wao."

Akaniuliza kama nimekunywa chai, nikamwambia bado. Akasema ninywe, atakwenda kukaa kwa yule mama mpaka kesi iishe, kisha akakata simu.