Kaa Kwanza, Mama

Mama yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi wateja walimwita Bi Usingizi. Niliwachukia, lakini hawakusema uongo. Alikuwa akisinzia huku mguu bado unakanyaga cherehani. Siku moja alishona mikono kumi ya mashati ya shule, kila mmoja akaufunga mdomo kama gunia.

Hospitali walimpa jina la ugonjwa: narkolepsi. Daktari alisema si uvivu wala majini. Ubongo wake unashindwa kulinda mpaka kati ya kulala na kuwa macho. "Na kicheko kikimshika ghafla, mwili unaweza kulegea wote. Ataanguka, lakini atakuwa anasikia kila kitu." Akampa dawa, akampangia na saa za kulala mchana.

Tangu hapo nyumbani kwetu utani una sharti. Shangazi yangu, ambaye hamalizi maneno matatu bila mzaha, hulazimika kuanza, "Wifi, kaa kwanza." Mama akishakaa ndipo tunacheka.

Nilipojifungua, Mama aligoma kumbeba mjukuu wake. "Nikimwangusha je?" Nikamwambia aache woga. Uongo mtupu, mimi niliogopa kuliko yeye.

Juzi asubuhi nilikuwa naanika nguo uani. Mtoto alilia, akanyamaza, kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia: anacheka. Halafu kimya. Nilikimbia ndani nikamkuta Mama ameanguka ubavu, kidevu kimelegea, mtoto yuko kifuani pake. Nilimnyakua nikapiga kelele, "Unataka kuniulia mtoto! Nani kakwambia umguse?"

Mtoto hakuwa na hata mkwaruzo. Ndipo nikaliona godoro. Mama alikuwa amelishusha sakafuni, akalizungushia mito, akakaa katikati kabla ya kumchukua. Alilifuata sharti letu bila kuambiwa na mtu. Sasa hakuweza kuinua hata kidole, ila machozi yalikuwa yakimtoka.

Ilipita dakika nzima kabla ulimi haujamrudia.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.

Leo siku ya tatu, Mama hajaomba hata kumwona mtoto. Nimelitandika godoro mwenyewe na kupanga mito. Mikono inanitetemeka, siwezi kuificha.

"Kaa, Mama," nimemwambia, nikimnyooshea mtoto.

Bado amesimama mlangoni, anaitazama mikono yangu.