Wivu Ulivyolitegua Taya Langu

Siku taya langu lilipotoka mahali pake naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ilikuwa siku ya arusi ya mdogo wangu, Paskalina. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia daktari wa meno hajaona jino bovu kinywani mwako, ila taya linakuuma kila ukiamka. Na nimekuona unavyozitazama kwenye simu picha za rafiki yako aliyeolewa Katesh.

Bwana arusi aliitwa Yakobo, kijana wa Getanuwas. Alipoanza kupita kwetu Gendabi na ng'ombe wa mnada, mimi ndiye niliyempa maji ya kunywa, na mimi ndiye aliyenisifu. Nikajenga nyumba nzima moyoni. Kumbe macho yake yalikuwa kwa Paskalina. Wazee wake walipokuja kuposa, mama akaniita, "Magdalena, chemsha chai ya wageni wa mdogo wako." Nikachemsha. Nikatabasamu mpaka wakaondoka.

Tangu hapo nikawa nauma meno. Akisifiwa, nauma. Akijaribu gauni, nauma. Taya likaanza kulia "tak" nikitafuna mahindi. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kinywani.

Maharusi walipofika nyumbani kutoka kanisani, mama akasema, "Wewe ndiye mkubwa, anza vigelegele." Nikapanua mdomo kwa hasira, nikitaka changu kizidi vyote, asiwepo wa kusema Magdalena ana wivu. Kikakatika njiani. Mdomo ukabaki wazi. Nikajaribu kuufunga, wapi! Mate yakatiririka kwenye kitenge kipya, watu wakacheka wakidhani nafanya mzaha.

Paskalina ndiye aliyeona machozi. Akashuka garini na shela lake, akanishika mkono mpaka zahanati. Nami, mwanangu, pamoja na maumivu yale, nilikuwa naitazama pete yake tu.

Mganga wa zahanati, mzee wa mvi, alivifunga vidole gumba vyake kwa kitambaa, akaviweka juu ya magego yangu ya chini, akakandamiza, kisha akasukuma nyuma. Likarudi.

"Weka kidole mbele ya sikio," akaniambia, "fungua mdomo kidogo. Unasikia kinachocheza? Hicho ni kichwa cha taya. Kinakaa kwenye kishimo cha fuvu, na katikati ya hivyo viwili kuna kisahani cha gegedu, ule mfupa laini. Ukifungua mdomo kinazunguka kama bawaba, ukizidi kupanua kinateleza mbele. Chako kimevuka nundu ya mfupa, misuli ikakinasa huko. Na misuli hii imekaza siku nyingi, binti. Unauma nini?"

Paskalina akajibu, "Anasaga meno usiku, baba. Tunalala kitanda kimoja, namsikia tangu siku ya posa." Kisha akanigeukia. "Dada, kama ningeweza kukurudishia usingizi, ningekurudishia. Lakini Yakobo siwezi kukupa."

Yule mzee akanitazama. "Binti, mtu asiyekuahidi kitu hajakunyang'anya kitu."

Sitakudanganya, wivu haukuisha siku ile. Nilikunywa uji majuma kadhaa, kila bakuli chungu. Paskalina alipojifungua akaniita mimi kwanza, nikaenda, na bado kitu kilinichoma. Lakini nilimwambia. Tukalia wote wawili, mtoto katikati yetu, na usiku ule nililala kama jiwe. Wivu uliporudi, nikamwambia tena.

Basi, mwanangu, usiutafune wivu peke yako gizani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpigie rafiki yako, umwambie ukweli kwa maneno ya upole; akiwa rafiki, atakuelewa. Usijilazimishe kushangilia kuliko wote, shangilia unavyoweza. Na bahati yako usiitafute kwenye nyumba ya mwingine.

Mungu akulegeze moyo, akupe usingizi mzuri, na siku yako ikifika, akuzungushie watu watakaokufurahia kwa dhati.