Kanyere na uzi wa manjano wa jirani

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa vizuri, muke wangu Kanyere aliacha chai ku meza, akavaa viatu vyangu, akatoka. Alikuwa ameona uzi wa jirani unakaribia kwetu.

Ule uzi ni majani mabaya, ya manjano, membamba sawa tambi. Unapanda juu ya muti wa wengine, unajifunga, unanyonya mpaka muti unakauka. Jirani yetu Ézéchias, shemasi wa Waprotestanti, aliutoa kwa dada yake kule Beni, commune Ruwenzori. Akautia yeye mwenyewe ku lupango yake ya maua, ile miti iliyozunguka nyumba yake na kuifunika. Alisema unapendeza.

Upande wetu wa ile lupango kulikuwa miche ya kahawa ya Kanyere. Mia ine. Alizaliwa Vuhovi, na bamama ba kule balikuwa banangoja ile miche, juu kahawa yao ya zamani ilikauka. Mvua ilikuwa karibu. Uzi ukivuka, miche inakufa, na bamama banangoja mwaka mwingine.

Mimi nilikuwa nimesaidia. Juma moja mbele ya ile asubuhi nilikata uzi na panga, nikatupa vipande. Kila kipande kilishika pale kilipoanguka. Kanyere alicheka mpaka akakaa chini. Aliniita kwa jina la mutoto wetu wa kwanza: "Papa Bénie, miaka makumi ine nakuomba upande kitu. Leo umepanda!"

Basi asubuhi ile aliingia kwa Ézéchias bila hodi. Nikamufuata.

"Papa Shemasi, hii lupango tutaichoma leo."

"Kuchoma? Mais mama, hii ni ua! Angalia, iko sawa dhahabu. Nyinyi Wakatoliki munaogopa hata uzi?"

"Kama ni ua, iko na muzizi mu udongo. Unionyeshe muzizi, nitarudia chai yangu. Sitakusumbua tena hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Ézéchias aliona bahati. Alipiga magoti na suruali ya kanisa. Alifuata uzi mumoja kutoka juu, akaingiza kichwa mu majani, akatokea upande wetu. Akaanza na mwingine. Kanyere alikamata kiti cha Ézéchias, akakaa.

"Kushoto, Shemasi. Hapana, kushoto ya Waprotestanti!"

Jua likapanda. Muzizi hakuna. Kila uzi ulimalizikia ku tawi, umeng'ata.

"Donc inakula kwangu," Ézéchias alisema.

"Inakula kwako. Kesho itakula kwangu."

Ézéchias alienda yeye mwenyewe kutafuta panga. Tulikata lupango yote mpaka chini, tukachoma pale pale.

Kesho yake kichwa kilimushika Kanyere. Siku tatu, akaisha, tukamuzika.

Miche niliipeleka Vuhovi mimi. Imeshika. Bamama bananiambia iko na majani mapya.

Lakini ile siku ya kuchoma, ku moto nilikuwako, nilisikia. Muke wa Ézéchias alikuwa Eringeti ku biashara, na sasa parcelle ya Shemasi, uwanja wake wote, ilikuwa wazi: jiko, nguo ku kamba, vyombo vichafu vya juma zima, barabara yote inaona. Shemasi akauliza, "Sasa mama, mimi nitajificha wapi?"

Kanyere alimujibu, na hapa siongezi, sipunguzi:

"Usijifiche, Shemasi. Osha sahani."