Bi Hindu Anunua Madafu kwa Vichwa vya Watu

Saa moja asubuhi, Takaungu. Bi Hindu Mahdi ameinama kwenye fungu la madafu. Analichukua moja, analigeuza, analipapasa, analirudisha. Analichukua jingine. Halitikisi kusikiliza maji. Analitazama kwa jicho moja, kama anayetafuta kasoro ya mkwe.

"Shikamoo, bibi. Leo wataka kichwa cha nani?" anauliza Randu, muuzaji.

"Marahaba. Cha karani wa mahakama. Kirefu, kisogo kinene."

"Wenzako hununua maji. Wewe wanunua bichwa, maji wamnywesha mbuzi."

"Mbuzi hajalalamika. Wewe walalamika nini?"

Bi Hindu, mwenye umri wa miaka 52, hushona kwa mkono kofia za viua, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi. Kofia moja humchukua wiki tano, naye huiuza shilingi 350. Tangu mumewe afariki mwaka 1979, sindano hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wanne.

Lakini kofia za kiwandani zimeingia kwa shilingi 40. Zamani wateja walingoja zamu. Mwaka huu wa 1986, hadi mwezi wa Mei, alikuwa amepata wawili.

Kinachomtofautisha na wengine ni dafu. Washonaji wengi huitia kofia wanga, kisha huikausha juu ya bakuli, nayo hutoka duara kamili.

"Sasa niambie, nani ana kichwa cha bakuli?" anauliza. "Kichwa ni yai. Mbele chembamba, nyuma kinene."

Kwa hiyo hulilaza dafu, hulifukia nusu mchangani, na kulivika kofia mbichi. Upande mwembamba hushona ua dogo, ili mvaaji ajue mbele ni wapi.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Bi Hindu hamshiki kichwa mwanamume asiye wake. Mteja hupimwa na mkewe kwa uzi, na uzi huletwa umefungwa fundo. Uzi husema ukubwa, hausemi umbo. Umbo hulitafuta mwenyewe, akichungulia dirishani mteja akipita.

Ndivyo alivyompima mzee mmoja wa mjini. Tumwite Mzee Fumo, kwa kuwa kichwa ni chake na hatukumwomba ruhusa.

Mzee Fumo ana wana sita, na mkubwa anaoa mwezi wa Oktoba. Alitaka kofia sita zinazofanana, kazi ya zaidi ya nusu mwaka kwa mshonaji mmoja, na mpwa wa Bi Hindu alikuwa tayari kusaidia. Kwanza, hata hivyo, alitaka yake.

"Ikikaa kichwani Ijumaa nzima, utawashonea wanangu," alimwambia. "Ikinikimbia, nakwenda Mombasa kununua za kiwandani."

Ijumaa ya kwanza ilimkimbia. Alipokwenda sijida, kofia ilifika kabla yake.

Bi Hindu aliifua, akatafuta dafu jembamba zaidi mbele. Ijumaa ya pili ilianguka kwenye rukuu, mbele ya watoto wa madrasa, wakacheka hadi wakatolewa nje.

Hapo ndipo jirani yake, Mwalimu Maina, afundishaye hisabati shule ya sekondari, alipojitolea. Alipigilia misumari miwili kwenye mlango wa jiko la Bi Hindu, akaizungushia uzi, akachora kwa chaki.

"Hii ndiyo duaradufu, mama. Ni umbo lenye kanuni."

"Mbele yake ni wapi?"

"Haina. Ncha zote mbili ni sawa."

"Basi huyo mtu wako hana uso. Na mlango wangu utautoa misumari."

Hata hivyo Ijumaa ya tatu ilikuwa karibu, naye alikuwa amekwama. Akakausha kofia juu ya kibao alichokata mwalimu kwa umbo hilo. Ilianguka Mzee Fumo akipiga chafya.

Mzee alimjia barazani amefura. "Bi Hindu, hii si kofia, ni kifuniko cha chungu. Nakwenda Mombasa kesho."

Bi Hindu aliomba siku moja. Akaikausha tena juu ya dafu lake la kwanza, akamletea. Mzee, kwa hasira, aliibandika kichwani bila kuangalia. Bakora yake ikamponyoka. Akainama hadi chini kuiokota.

Kofia haikusogea.

Bi Hindu alitazama. Ua lilikuwa kisogoni. Alikuwa amempima kwa mgongo wake tu, dirishani, na kumbe mzee ana paji pana kama sinia na kisogo chembamba.

"Ningemwambiaje?" anasema. "Mzee, kichwa chako kimegeuzwa? Na ana wana sita!"

Alimwambia hivi: "Niwie radhi, Mzee. Ua nimelishona nyuma."

Alilifumua, akalishona upande wa pili. Ijumaa iliyofuata kofia ilikaa rakaa zote, na hotuba ndefu juu yake.

"Nilisema tangu mwanzo kosa ni lako," Mzee Fumo alimwambia, akimpa nyuzi sita zenye mafundo.

"Ni langu, Mzee."

Sasa Bi Hindu anataka kuachana na madafu, kwa kuwa hunyauka baada ya wiki chache na Randu amepandisha bei. Amezungumza na Dena, seremala wa Kibarani, amchongee vichwa viwili vya mti: kimoja cha wanaume wote, kimoja cha Mzee Fumo na yeyote kati ya wanawe aliyemfuata.

Kisha akafikiri, akapunguza oda.

"Kimoja chatosha," anasema. "Akija mwenye kichwa kama kile, nitaugeuza mti, na nitaomba radhi mapema."